Kaunta Buku, Fomu za Nakala, Kompyuta au Simu: Kumbukumbu Gani Zitakifaa Kituo Chako cha Maziwa?

Saa moja asubuhi mlangoni kwetu, Kiruhura, magharibi mwa Uganda, boda boda kumi na mbili zimeshapanga foleni, kila moja na mikebe miwili ya alumini iliyofungwa ubavuni kwa mpira wa tairi. Mpimaji ana laktomita, kile kifaa cha kuonyesha kama maziwa yametiwa maji, mkono wa kulia, kipimajoto mkono wa kushoto, kalamu ameipachika sikioni. Anayetaka kununua mfumo wa kumbukumbu aje kwanza asimame hapo nusu saa, amtazame kijana huyo akitafuta mkono wa tatu.

Mimi ni karani wa kituo cha kukusanyia maziwa, mwaka wa saba sasa. Wenzangu wa vituo vingine, na hata akina mama wanaotengeneza mtindi Busia na Kampala, huniuliza swali lilelile: tubaki na kaunta buku, tuchapishe fomu za nakala, tununue kompyuta, au tuingie kwenye programu za simu? Nimetumia zote nne, nyingine kwa hiari, nyingine kwa kusukumwa. Nitazipitisha kwenye vigezo vilevile, kisha kila mtu aangalie kituo chake. Wa lita 300 kwa siku na wa lita 10,000 hawawezi kupewa jibu moja.

Kinachotakiwa kuandikwa

Tangu Sheria ya Tasnia ya Maziwa ya 1998, na kanuni za uuzaji na usindikaji zilizofuata mwaka 2003, kituo cha maziwa Uganda ni biashara ya kusajiliwa na kukaguliwa. Wakaguzi wa serikali, ambao wengi wetu bado tunawaita watu wa DDA (Mamlaka ya Maendeleo ya Maziwa), huangalia tangi, hunusa mikebe, halafu huketi na kusema: "Sasa vitabu." Kwetu wameuliza kumbukumbu za mapokezi, joto la tangi asubuhi na jioni, ratiba ya kuosha, uhakiki wa mizani na vipimajoto, vyeti vya afya vya wafanyakazi, na kile ambacho wengi hukisahau: maziwa yaliyokataliwa, na yalikokwenda baada ya kukataliwa.

Kipimo cha kulinganishia ni kiwango cha Afrika Mashariki cha maziwa mabichi ya ng'ombe, EAS 67. Mafuta yasipungue asilimia 3.25, yabisi nyingine (vitu vigumu visivyo mafuta) zisipungue asilimia 8.5, na laktomita isishuke chini ya 1.028 kwa nyuzi 20. Madaraja nayo yanatokana na idadi ya bakteria katika mililita moja: daraja la kwanza ni chini ya 200,000, la pili linafika milioni 1, la tatu milioni 2.

Hapo pana jambo ambalo wauzaji wa mifumo hawalisemi. Mlangoni hatupangi daraja. Tunanusa, tunatumbukiza laktomita, tunachanganya maziwa na spiriti kuona kama yataganda, tunapokea au tunakataa. Daraja hutoka maabara, na kuhesabu bakteria kwenye sahani huchukua siku tatu hivi. Siku hiyo ikifika maziwa yenyewe yameshanyweka Kampala. Kwa hiyo mstari uliofunguliwa Jumatatu haufungwi mpaka Alhamisi, na kumbukumbu nyingi mbovu nilizowahi kuona zimefia katikati ya siku hizo mbili.

Jambo la pili ni joto. Juzi mzee mmoja alileta mkebe, laktomita ikasoma 27, yaani 1.027. Kijana akaanza kutikisa kichwa: maji. Nikamwambia apime joto kwanza. Nyuzi 26, maziwa bado ya moto kutoka kiweleni. Laktomita yetu imetengenezwa kwa nyuzi 20, na kwa kila nyuzi inayozidi tunaongeza 0.2. Nyuzi sita ni 1.2, jumla 28.2, yaani 1.0282. Yamepita. Ukiandika 27 peke yake bila safu ya joto, umeshamwita mzee wa watu mwizi wa maji, na kitabu kitamwita hivyo miaka yote. Kinyume chake pia kipo: maziwa ya nyuzi 15 yakisoma 28.5 yanashuka hadi 27.5, na hayo ndiyo ya kuulizia maswali.

Vigezo nilivyotumia

Cha kwanza: je, mpimaji anaandika palepale anapopima, au ananakili baadaye? Kinachoandikwa baadaye ni kumbukumbu ya kichwa, si ya maziwa. Cha pili ni kufuata nyuma, kutoka lori hadi tangi, hadi mkebe, hadi mfugaji. Cha tatu, safu inayosubiri: majibu ya maabara yatapata nafasi yake, na nani atakumbuka kuijaza? Cha nne, kosa likirekebishwa litaonekana? Cha tano, mvua, umeme na mtandao. Cha sita, mfugaji anabaki na nini mkononi. Gharama nimeiweka mwisho makusudi, kwa sababu nimeona watu wakianza nayo na kuishia kulipa mara mbili.

Kigezo cha pili ninakipa uzito kuliko vyote, na nina sababu. Miaka mitatu iliyopita lori letu lilirudishwa na kiwanda kimoja. Antibayotiki, wakasema, maziwa ya tangi la pili, lita 5,000. Daftari letu lilikuwa safi: jina, lita, laktomita, spiriti, sahihi. Halikuonyesha mkebe upi ulimiminwa tangi lipi. Wafugaji wote wa siku ile wakakatwa pesa, na aliyekamua ng'ombe aliyechomwa sindano ya ugonjwa wa kiwele hajajulikana hadi leo. Mama mmoja mwenye ng'ombe watatu tu alikuja dirishani, akaangalia kitabu mezani, akaniuliza: "Mwanangu, hiki kitabu chako kina kazi gani?" Sikuwa na jibu.

1. Kaunta buku

*Mlangoni.* Hakuna kinachoishinda kasi. Kalamu imefungwa kwa uzi kwenye msumari, kitabu kiko wazi, mstari unajazwa huku mkebe ukimiminwa. Udhaifu ni kwamba safu unazichora mwenyewe kwa rula, na anayezichora jioni akiwa amechoka ataisahau safu ya joto au ya namba ya tangi. Tena spiriti ya kupimia hula wino wa kalamu ya kawaida. Tone moja tu na "27" inageuka wingu la bluu. Kitabu kisikae meza moja na chupa ya spiriti.

*Kufuata nyuma.* Kwa tangi moja na wafugaji ishirini, inatosha kabisa. Ukiwa na matangi mawili ongeza safu ya T1 na T2, hata kama itabidi mwandiko uwe mdogo. Lakini ukiulizwa historia ya mfugaji mmoja kwa miezi mitatu, utapekua kurasa moja moja. Mimi ilinila alasiri nzima, na mkaguzi alikunywa chai vikombe vitatu.

*Safu inayosubiri.* Hapa ni dhaifu. Nafasi tupu kwenye kitabu haipigi kelele. Dawa yetu ilikuwa kuandika namba ya sampuli pembeni kwa wino mwekundu, na kutofunga ukurasa kwa sahihi ya msimamizi hadi jibu lije.

*Kosa.* Hapa kaunta buku ina heshima ambayo vijana wa kompyuta huidharau. Kurasa zimeshonwa. Zipe namba zote siku unapokinunua, na mtu akichana mmoja utaonekana. Kosa linakatwa kwa mstari mmoja, la zamani likibaki linasomeka, sahihi pembeni. Penseli hapana, wino mweupe wa kufutia hapana.

*Mvua, umeme na mtandao.* Mfuko wa plastiki unatosha.

*Mfugaji.* Hana nakala. Wengi wanakuja na kidaftari chao au kadi, nawe unaandika mara mbili. Asubuhi yenye foleni ndefu, la pili huandikwa kwa haraka, na hapo ndipo lita 18 huwa 13 na ugomvi wa mwisho wa mwezi huzaliwa.

*Gharama.* Ndogo kuliko zote, kiasi kwamba hakuna kisingizio cha kukosa kimoja.

2. Fomu zenye nakala za kaboni

Hizi ni vitabu vya kuchapishwa, kila karatasi na namba yake, nakala mbili au tatu: moja ya mfugaji, moja ya ofisi, moja inabaki kitabuni.

*Mlangoni.* Polepole kidogo kuliko kaunta buku, lakini safu zimeshachapwa, na safu iliyochapwa inamkodolea macho mpimaji mpaka aijaze. Hilo peke yake lilituokoa kwenye joto. Angalia sana maneno ya fomu. Zetu za kwanza zilichapwa kwa Kiingereza tu, na wafugaji wetu wengi husoma Runyankole. Dereva wa lori ni wa Kenya, mlinzi ni mzee aliyestaafu jeshi, wachungaji wawili wamevuka kutoka Karagwe. Lugha ya uani ni Kiswahili. Basi tukaona tutumie alama. Kwenye kipimo cha spiriti tukaweka + kwa maziwa yaliyoganda. Kijana mpya akadhani + ni nzuri. Siku mbili alipokea ya kukataa na kukataa ya kupokea, na foleni nzima ikamwona mchawi. Sasa fomu inasema "yameganda" na "hayakuganda", unazungushia duara.

*Kufuata nyuma.* Nzuri, mradi kiwepo kisanduku cha namba ya mkebe na kisanduku cha tangi, na fomu ya lori iwe na namba ya sili iliyofungwa kwenye mfuniko. Ukipanga nakala za ofisi kwa siku kwenye faili la chuma, unapata siku yoyote ndani ya dakika. Kupata mfugaji mmoja kwa miezi mingi bado ni kazi ya mikono, ila nakala yake mwenyewe nyumbani inasaidia.

*Safu inayosubiri.* Afadhali. Fomu ya sampuli inakaa kwenye kijisanduku cha "bado" mpaka jibu lifike. Sanduku likinenepa, kila mtu analiona.

*Kosa.* Hapa fomu zinashinda zote, kwa maoni yangu. Aliyebadilisha namba kwenye nakala yake hawezi kubadilisha iliyo kwa mfugaji. Fomu iliyoharibika haichanwi. Inaandikwa "imefutwa" na inabaki kitabuni na nakala zake zote. Namba ikiruka, mkaguzi atauliza, na ana haki.

*Mvua, umeme na mtandao.* Haihitaji umeme. Unyevu ni adui, maana nakala ya tatu huwa hafifu tangu siku ya kwanza. Bonyeza kalamu, na hifadhi juu ya rafu, si sakafuni karibu na mahali pa kuoshea mikebe.

*Mfugaji.* Anaondoka na karatasi yenye lita, laktomita, joto na sababu ya kukataliwa. Wazee wetu wameziweka karatasi hizo pamoja na hati za ardhi.

*Gharama.* Ya uchapaji, tena inarudi kila vitabu vikiisha. Msimu wa mvua, maziwa yakifurika, vinaisha upesi kuliko ulivyopiga hesabu. Agiza kabla ya Machi.

3. Jedwali la kompyuta

*Mlangoni.* Haifai, tuseme wazi. Hakuna mtu anayebonyeza herufi na vidole vyenye maziwa huku boda boda zikipiga honi. Kompyuta inakaa ofisini, na kinachoingia humo kimenakiliwa kutoka karatasini. Kwa hiyo si mbadala wa kaunta buku wala fomu. Ni ghorofa ya juu yake.

*Kufuata nyuma.* Hapa ndipo inapolipa. Chuja namba ya mfugaji, miezi sita iko mbele yako. Marekebisho ya joto jedwali linayafanya lenyewe ukiandika kanuni mara moja. Jioni moja nilipanga safu kwa siku za wiki, bila nia maalumu, nikaona mfugaji mmoja laktomita yake inashuka kila Jumamosi na kupanda kila Jumapili. Tulikuwa tumeshamwonya mara mbili. Kumbe Jumamosi maziwa yake yaliletwa na boda mwingine, kwa sababu yule wa kawaida huenda kusali. Maji yalikuwa yanaingia njiani. Kaunta buku lilikuwa na habari hiyo yote, ila lisingeniambia kamwe.

*Safu inayosubiri.* Nzuri sana. Paka rangi kisanduku kisicho na jibu baada ya siku nne.

*Kosa.* Hatari. Namba ikibadilishwa, ya zamani haionekani, isipokuwa kama umewasha ulinzi wa faili na unajua kuutumia. Mkaguzi mmoja alilisogeza jedwali langu juu na chini, akasema: "Karani, hii naweza kuiandika mimi usiku mmoja." Hakukosea. Tangu hapo nachapa ukurasa wa kila siku, msimamizi anatia sahihi, unaingia faili.

*Mvua, umeme na mtandao.* Umeme ukikatika unasubiri. Weka nakala nje ya kituo, na fleshi ya kuhamishia kazi isiwe ileile inayopita kwenye kibanda cha nyimbo mjini.

*Mfugaji.* Haoni kitu hadi mwisho wa mwezi, ila mwisho huo wa mwezi anapewa hesabu safi: lita, bei, makato, salio. Kwa chama cha ushirika kinacholipa kwa simu, hili ni kubwa.

*Gharama.* Mashine, printa, wino, na mtu anayejua. Huyo wa mwisho ndiye ghali, na akipata kazi Mbarara mfumo unaondoka naye.

4. Programu ya simu

*Mlangoni.* Inaweza, na hilo ndilo linaloitofautisha na kompyuta. Mpimaji anachagua namba ya mfugaji, anaingiza lita na vipimo, programu inakataa kuendelea bila joto. Nyingine huunganishwa na mizani, lita zinaingia zenyewe. Lakini jua la saa nne likipiga kioo huoni kitu, na kidole chenye maji hakibonyezi. Tulishona kibanda kidogo cha turubai na kuweka kitambaa kikavu juu ya msumari. Jaribu mlangoni kwako, si kwenye ofisi ya anayekuuzia.

*Kufuata nyuma.* Bora kuliko zote ikiwa namba za mikebe na tangi zimo. Uliza hilo kabla ya kulipa. Programu kadhaa nilizoonyeshwa zimetengenezwa kwa ajili ya malipo. Zinajua lita na shilingi, hazijui tangi. Kwa ukaguzi hizo ni kaunta buku lenye taa.

*Safu inayosubiri.* Inakumbusha yenyewe. Kama maabara mnayotumia inaleta majibu kwa karatasi, bado lazima mtu aingize.

*Kosa.* Programu nzuri huhifadhi nani alibadilisha nini na saa ngapi. Faida hiyo yote inakufa siku mnapotumia neno la siri moja watu watatu. Na nimeona kituo ambako neno hilo limeandikwa ukutani kwa chaki.

*Mvua, umeme na mtandao.* Lazima ifanye kazi bila mtandao na kupeleka baadaye. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Ng'ombe hawakuacha kukamuliwa. Waliokuwa na programu isiyohifadhi kitu simuni walirudi kwenye karatasi wasizokuwa nazo.

*Mfugaji.* Anapata ujumbe mfupi hata kwenye simu ya kitochi. Baadhi ya programu hutoa risiti kwenye kiprinta kidogo. Risiti hizo za karatasi ya joto hufifia ndani ya miezi, hivyo zisiwe ushahidi wako wa pekee. Kumbuka pia umebeba majina, namba za simu na pengine namba za vitambulisho vya watu, na Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inakuhusu wewe, si mwenye programu pekee. Uliza: tukiachana, data yangu naitoaje?

*Gharama.* Simu, ada ya kila mwezi, na bando, ambayo tangu Julai 2021 ina ushuru wa asilimia 12 ndani yake. Ongeza simu ya akiba. Itaanguka ndani ya mkebe. Si kama, ni lini.

Kwa hali yako

Una tangi moja, wafugaji wasiozidi thelathini, na unauza maziwa mabichi sokoni hapohapo: kaunta buku yenye kurasa za namba, safu ya joto, na kadi kwa kila mfugaji. Usione haya. Mkaguzi anapendezwa zaidi na kaunta buku iliyojaa kuliko programu iliyojaa nusu.

Una matangi mawili au zaidi na lori linaenda kiwandani: usikae bila nakala. Fomu mlangoni, kompyuta ofisini jioni. Mwekee kila mfugaji kichupa cha sampuli kwenye friji mpaka lori lipokelewe huko liendako, na namba ya kichupa iwe kwenye fomu. Tungekuwa na vichupa hivyo, mama yule wa ng'ombe watatu asingekatwa shilingi.

Chama cha ushirika chenye vituo vingi, makarani wanaobadilika, na malipo ya mamia ya watu kwa simu: programu ina maana, kwa sharti kwamba kila kituo kina vitabu viwili vya fomu kabatini kwa siku ya giza, na kila mpimaji ana neno lake la siri.

Mtengeneza mtindi au jibini ana jambo tofauti kidogo. Swali lake kubwa si mkebe wa nani, bali chungu kipi. Anahitaji karatasi moja kwa kila chungu: maziwa yalitoka wapi, yalichemshwa nyuzi 63 kwa dakika 30 au nyuzi 72 kwa sekunde 15, saa ya kuanza na kumaliza, kimea (kile kichachusho cha kugandishia) cha tarehe gani, vikombe vingapi vilitoka na namba yake. Fomu iliyochapwa inamfaa kuliko kaunta buku, maana vyungu viwili vya siku moja vikiandikwa ukurasa mmoja huchanganyika. Kompyuta inaweza kungoja.

Anayeuza nje ya mpaka, au anayemuuzia anayeuza nje, anahitaji kuweza kutoa historia ya shehena moja kwa saa, si kwa siku. Kenya iliposimamisha uingizaji wa maziwa ya unga Machi 2023, wengi walijifunza kuwa soko linaweza kufungwa kwa barua. Huyo kaunta buku peke yake haimtoshi, hata awe na mwandiko wa malaika.

Kuna pia anayenunua kwa wafugaji na kubeba kwa boda mwenyewe, hana kituo. Kidaftari cha mfukoni chenye nakala: nani, lita, saa aliyokamua, saa uliyofikisha. Kituo kikimuuliza kwa nini maziwa yameganda kwenye spiriti, saa hizo mbili zitamtetea au zitamhukumu.

Kabla hujahama kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine, fanya jaribio moja. Chagua mstari wowote wa wiki tatu zilizopita, mwambie karani akuonyeshe maziwa hayo yaliingia tangi lipi, yakatoka na lori lipi, na jibu la maabara lilikuwa nini. Tazama saa. Ukishaona kinachokwama, utajua unachonunua kinatakiwa kutibu nini. Halafu endesha mifumo yote miwili pamoja mwezi mzima, mstari kwa mstari, na uanze Juni au Julai, majani yakiwa makavu na mikebe michache. Sisi tulianza Aprili, foleni ikifika barabarani, na kwa siku nne hakuna aliyejua kitabu kipi ndicho cha kweli.